Kikombe, Kimoja

Naitwa Ndeshiwia, mtunza mali.
Nashika kaunta buku lenye mgongo mwekundu,
mzunguko mzima umelala humo:
makanisa matano, mchungaji mmoja,
kinanda kimoja chenye vitufe viwili bubu,
kikombe cha ushirika, kimoja.

Tuko wachache, hilo halina siri.
Mlimani ni kwa Walutheri na Wakatoliki,
kengele zao hujibizana toka Uru hadi Marangu
kama wifi na wifi penye mfereji.
Sisi tulibaki na tambarare na joto lake.
"Wamethodisti? Ndio akina nani hao?"
aliniuliza mwenye duka la saruji pale Majengo.
Nikamwambia: ni wale wanaokopa na kulipa.
Akacheka. Akanipakilia mifuko sita.

Pasua, kanisa limepakana na mashine ya kusaga;
mhubiri akitaja mkate wa uzima
unga huingia dirishani kuitikia amina.
Kambini kwenye miwa, siku za kuchoma mashamba,
masizi hutua juu ya kitambaa cha madhabahu
na Mama Sifaeli huyapuliza, hayapangusi,
maana ukipangusa, umechora.
Njoro tunasali kwenye darasa la chekechea,
wazee wamekalia viti vya watoto,
magoti yanakaribia videvu;
askofu akija, naye hukalia hivyo hivyo.
Kahe ni mpunga na vyura.
Himo ni malori, mahindi, na mtu anayekuita shemeji
ili akuuzie vitunguu.

Kila robo mwaka nachora ratiba kwa rula:
nani ahubiri wapi, mchungaji awe wapi,
na kwa kalamu nyekundu, kikombe kilale wapi.
Kimetembea kikombe hicho kuliko mimi,
ndani ya kapu, kimeviringishwa taulo.

Ikaja Jumapili ya pili ya Aprili.
Mvua ilinyesha juu, sisi tukaipokea chini,
ndivyo ilivyo miaka yote.
Mchungaji Mbwambo alitoka Kahe asubuhi,
pikipiki ikazimika katikati ya maji,
kapu likaanza kuelea.
Ana mikono miwili tu. Akashika pikipiki.
Hatumlaumu.
Pikipiki bado ina deni.

Himo walingoja.
Waliimba tenzi wanazozipenda zikaisha,
wakaanza zile wasizozipenda.
Saa tisa akaingia, tope limemkaukia hadi kiunoni,
akafungua viganja kama mtoto aliyetumwa dukani
akaangusha hela njiani.
Rosela ilikuwa imechemshwa tangu jana,
nyekundu, sukari imezidi kidogo.
Mkate upo. Watu wapo.

Ndipo Bibi Nakijwa, anayeuza uji stendi,
akaingiza mkono ndani ya ndoo yake
akatoa kikombe cha bati,
rangi ya buluu imebanduka mdomoni,
kile kile wanachonywea makuli na makondakta
kuanzia saa kumi na moja alfajiri.
Hakusema neno la kuandikwa ukutani.
Alisema, "Nimekisuuza."

Baraza la mzunguko lilikaa Juni.
Wapo waliosema haifai.
Yupo aliyetafuta kifungu, akakipata,
kisha hakukisoma kwa sauti.
Mzee Elinkunda akataja bei ya kikombe kipya;
tukapiga hesabu kwa mabati ya kuezekea:
ni nusu ya paa la Kahe.
Hapo kila mtu akatazama nje.

Mlima ulikuwa wazi, mzima, toka bega hadi bega.
Wanaoishi mgongoni mwake huona migomba tu;
ukitaka kuuona wote, shuka,
kaa huku tunakokaa sisi.

Usiku nilifungua buku.
Nikaupiga mstari wa zamani kwa rula,
nikaandika chini yake, kwa kalamu ya kawaida:

Kikombe cha bati, kimoja.
Kimepatikana Himo.
Kasoro: mdomo umebanduka.
Hali: kinatumika.
Jumatatu kirudi stendi kabla hapajakucha.